Jino

Dada Foibe ndiye aliyenifundisha uongo huo:
"Wakikuuliza, sema unakwenda kung'oa jino."
Basi nilitoka Chang'ombe saa kumi na mbili asubuhi
nimeshika shavu,
na mama Chilongani wa maandazi akanipa pole,
akanishauri nisukutue kwa maji ya chumvi.

Kwenye benchi tulikuwa kumi na mmoja.
Upepo wa Julai ulisukuma vumbi chini ya mlango.
Mwanamke wa pembeni yangu, mwenye kitenge cha bluu,
naye alikuwa ameshika shavu.
Hatukutazamana.

Muuguzi alikuwa na karatasi ya maswali tisa.
Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi…
La usingizi nililijibu upesi.
Kwa Lameki nililala na kandambili miguuni,
mlango wa nyuma nimeuegesha tu.
Sasa nina kitasa, nina komeo,
nina chumba cha elfu ishirini na tano,
na kandambili bado ziko miguuni.

La chakula: nasonga ugali wa mtama,
wanangu wanavuta mlenda, wanachekeana,
mimi nalamba mwiko, nasema nimeshiba.

La kazi, hapo nilikaribia kucheka.
Nashona midomo ya magunia, soko la Majengo.
Juzi nilishona gunia la alizeti
pamoja na upindo wa kanga yangu,
nikakaa hapo, shazia mkononi,
nimefungwa kwenye mali ya mtu
mpaka adhuhuri,
sikuona sababu ya kukata uzi.

Nikamwambia jambo ambalo halimo kwenye karatasi:
nilipokuwa napigwa, nilikuwa hodari.
Nilidunduliza nauli ndani ya debe la unga,
kadi za kliniki za watoto nikazishonea ndani ya mto.
Nilitoka Mlali usiku, mmoja mgongoni, mmoja mkononi,
nikavuka korongo likiwa na maji.
Mwanamke yule yuko wapi?
Alifika Dodoma, akanikabidhi watoto,
akaketi chini.
Hajainuka.

Muuguzi akaandika neno moja. Nililisoma kichwa chini:
sonona.
Kusononeka nilikuzoea kama kukohoa,
sikujua kuna siku kutaandikwa kwenye faili
lenye jina langu, Perisi, na umri wangu.

Swali la tisa nililiruka.
Hakunisukuma. Alilaza kalamu mezani.
Feni ilizunguka, ikakwama, ikazunguka.
Nikasema: siku kadhaa.
Hakushtuka, hakuniombea.
Alisogeza kiti chake upande wangu wa meza,
akaniuliza usiku huo nitakuwa na nani.

Kidonge kimoja kabla ya kulala.
"Usitegemee kitu mapema," alisema, "ngoja wiki tatu, nne."
Nikamwambia mimi ni wa Kongwa,
najua kutazama juu mwezi mzima bila kuona wingu.
Na kila Alhamisi, kikao, banda la nyuma.
Alhamisi ya kwanza nilihesabu mabati.
Ya pili, kitenge cha bluu alizungumza,
sauti yake nzito kama ya mtu aliyeamshwa,
akasema bado anamuota mumewe, na katika ndoto
anamwandalia maji ya kuoga.
Hakuna aliyemwambia mshukuru Mungu umetoka.

Wiki ya tatu, midomo mikavu, hakuna kingine.
Wiki ya nne nililia kwa sababu ya sufuria.
Wiki ya tano, Jumanne, niliamka
mguu mmoja ukiwa mtupu.
Kandambili imedondoka yenyewe, sijui saa ngapi.
Niliitazama pale sakafuni muda mrefu.
Sikuivaa.

"Jino vipi?" mama Chilongani aliniuliza.
"Lina mizizi mirefu," nikasema.
"Wanaling'oa kidogo kidogo."
Akanifungia maandazi mawili kwenye gazeti,
akaangalia nyuma, mlango wa nyumba yake.
Akagusa shavu.
"Hao wanaong'oa," akasema taratibu,
"wanafungua siku gani?"